Bwawa la kuogelea la maji ya chumvi

Bwawa la kuogelea la maji ya chumvi ni bwawa ambalo maji yake hutiwa kiasi kidogo cha chumvi ya kawaida ili mtambo wa umeme ugeuze sehemu ya chumvi hiyo kuwa klorini. Klorini hiyo ndiyo inayoua vijidudu. Kwa hiyo bwawa la aina hii si bwawa lisilo na klorini, kama wengi wanavyodhani, bali ni bwawa linalojitengenezea klorini yake lenyewe badala ya kutiwa dawa ya unga, vidonge au maji kutoka dukani.

Tofauti hiyo ina uzito. Mwenye bwawa anayeamini kwamba chumvi peke yake inatosha kusafisha maji huacha kupima klorini, na umeme ukikatika au mtambo ukiharibika waogeleaji hubaki ndani ya maji yasiyo na kinga yoyote. Maji hayo yanaweza kuonekana meupe na safi huku yakieneza magonjwa ya kuhara, ya ngozi, ya macho na ya masikio.

## Aina za mabwawa yenye chumvi

Jina "bwawa la maji ya chumvi" hutumika kwa mabwawa ya namna mbili, na kuyachanganya ni chanzo cha makosa mengi.

* Bwawa la maji ya bahari hujazwa maji yaliyovutwa moja kwa moja kutoka baharini. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita. Katika baadhi ya nchi yapo mabwawa yaliyojengwa kwenye miamba ya ufukweni ambayo hujazwa na mawimbi au bahari inapojaa.
* Bwawa lenye mtambo wa kuzalisha klorini hujazwa maji baridi ya bomba, kisima au mvua, kisha hutiwa chumvi hadi kufikia takriban gramu 3 hadi 4 kwa lita. Hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya chumvi ya bahari. Machozi ya binadamu yana chumvi zaidi ya hapo, yaani karibu gramu 9 kwa lita.

Makala hii inahusu hasa aina ya pili, ambayo ndiyo inayokusudiwa mara nyingi hoteli au nyumba inapotangazwa kuwa na bwawa la maji ya chumvi.

## Historia

Klorini ilipatikana kwa mara ya kwanza katika maabara na mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Sweden mwaka 1774. Mwaka 1810 Humphry Davy wa Uingereza alionyesha kwamba ni elementi na akaipa jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi ya kijani iliyofifia. Mwanzoni mwa karne ya 19 wanasayansi walikwisha kuona kwamba umeme ukipitishwa katika maji ya chumvi hutoa gesi ya klorini. Katika miaka ya 1830 Michael Faraday aliweka kanuni zinazoonyesha uhusiano kati ya kiasi cha umeme na kiasi cha dutu inayozalishwa.

Mwaka 1908 mji wa Jersey City nchini Marekani ulianza kutia klorini katika maji yake ya kunywa kwa mfululizo, na njia hiyo ikaenea duniani. Mabwawa ya kuogelea yalifuata mkondo huohuo.

Kilichokuwa kinakosekana kwa mtambo mdogo wa bwawani ni chuma cha kuvumilia. Klorini hula metali nyingi inapozaliwa juu yake. Katika miaka ya 1960 mvumbuzi Henri Beer wa Uholanzi alitengeneza mabamba ya titani yaliyopakwa oksidi ya rutheni, ambayo hudumu muda mrefu bila kuliwa. Baada ya hapo mitambo midogo ya mabwawa ikawezekana. Australia ni miongoni mwa nchi zilizotangulia kuitumia kwa wingi majumbani.

## Jinsi linavyofanya kazi

### Mzunguko wa maji

Pampu huvuta maji kutoka bwawani na kuyapitisha katika chujio, ambalo mara nyingi hujazwa mchanga. Chujio huzuia majani, nywele, vumbi na uchafu mwingine. Kisha maji hupita ndani ya seli, yaani kopo la plastiki lenye mabamba ya titani yaliyopangwa kwa karibu bila kugusana. Sanduku la umeme lililo ukutani hugeuza umeme wa kawaida wa nyumba kuwa umeme wa mkondo mnyoofu wenye volti ndogo na kuupeleka kwenye mabamba hayo. Maji yakitoka hapo hurudi bwawani yakiwa na klorini.

### Ndani ya seli

Chumvi ya kawaida ni kloridi ya sodiamu. Ikiyeyuka majini hutengana kuwa ioni za sodiamu na ioni za kloridi. Umeme unapopita, mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja:

* kwenye bamba chanya, yaani anodi, ioni za kloridi hupoteza elektroni na kuwa klorini;
* kwenye bamba hasi, yaani kathodi, maji huvunjika na kutoa gesi ya hidrojeni pamoja na ioni za haidroksidi.

Tendo hili huitwa elektrolisisi. Kwa kuwa ndani ya seli hakuna kuta za kutenganisha mabamba, klorini huchanganyika papo hapo na maji yenye haidroksidi na kuwa hipokloriti ya sodiamu. Matokeo yake kwa ufupi huandikwa hivi:

NaCl + H₂O → NaOCl + H₂

Hipokloriti ya sodiamu ni dutu ileile iliyomo katika dawa ya kufulia nguo nyeupe, kama vile Jik, na katika dawa ya kutibu maji ya kunywa ya WaterGuard iliyosambazwa Tanzania na Kenya. Kikemia, hakuna tofauti kati ya klorini iliyotoka kwenye chupa na ile iliyotoka kwenye seli.

Kwa kanuni ya Faraday, mkondo wa ampea 1 ukipita kwa saa 1 kati ya jozi moja ya mabamba huweza kutoa takriban gramu 1.3 za klorini. Mtambo wenye uwezo wa gramu 20 kwa saa ukifanya kazi saa 8 hutoa gramu 160. Katika bwawa la mita za ujazo 75 hiyo ni sawa na kuongeza takriban miligramu 2 za klorini katika kila lita, kabla ya kuhesabu ile inayopotea kwa jua na uchafu.

### Namna klorini inavyoua vijidudu

Ndani ya maji klorini huwa katika hali mbili: asidi ya hipokloro, ambayo ni kali kwa vijidudu, na ioni ya hipokloriti, ambayo ni dhaifu zaidi. Uwiano wake hutegemea kipimo cha pH. Katika maji ya nyuzi 25 za Selsiasi, kwenye pH ya 7.2 takriban theluthi mbili ya klorini huwa katika hali kali. Kwenye 7.5 huwa karibu nusu, na kwenye 8.0 hubaki kama robo tu. Ndiyo maana mabwawa mengi hutunzwa kati ya pH 7.2 na 7.8, huku klorini huru ikiwa takriban miligramu 1 hadi 3 kwa lita.

Klorini haiui vijidudu vyote kwa kasi moja. Kwenye miligramu 1 kwa lita, pH 7.5 na nyuzi 25 za Selsiasi, bakteria *Escherichia coli* hufa katika muda usiofika dakika 1, virusi vya homa ya ini aina ya A huhitaji takriban dakika 16, na kimelea cha giardia kama dakika 45. Kimelea kiitwacho *Cryptosporidium*, kinacholeta kuhara, kinaweza kuvumilia zaidi ya siku 10. Kwa sababu hiyo mtu anayeharisha hapaswi kuingia bwawani hata kama vipimo vya klorini ni sahihi.

### Chumvi hurudi

Klorini ikishamaliza kazi yake, au ikivunjwa na jua, hurudi kuwa kloridi. Kloridi hiyo hupita tena kwenye seli na kugeuzwa klorini upya. Kwa hiyo chumvi haiishi kwa kutumika. Hupungua pale tu maji yenyewe yanapotoka: yakirushwa nje na waogeleaji, chujio likioshwa, bwawa likivuja au mvua ikilifurisha.

Wakazi wa Bagamoyo wana mfano wa jambo hili karibu nao. Katika mashamba ya chumvi ya Nunge maji ya bahari huachwa juani. Maji huenda zake kama mvuke, chumvi hubaki chini. Bwawani ni vilevile. Maji yakipungua kwa sababu ya jua, huongezwa maji matupu bila chumvi.

## Kiasi cha chumvi kinachohitajika

Hesabu yake ni rahisi. Bwawa lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani cha mita 1.5 lina mita za ujazo 75, yaani lita 75,000. Likihitaji gramu 3.5 kwa lita, chumvi yote ni:

75,000 × 3.5 = gramu 262,500, yaani kilo 262.5

Hiyo ni zaidi kidogo ya mifuko mitano ya kilo 50. Kama maji hayo yangepaswa kufanana na bahari, zingehitajika kilo 2,625, yaani zaidi ya tani mbili na nusu.

Kabla ya kutia chumvi ni lazima kupima ile iliyomo tayari. Visima vingi vya karibu na bahari hutoa maji yenye chumvi kiasi. Kama maji ya kisima yana gramu 1 kwa lita, bwawa la mfano huu tayari lina kilo 75 na linahitaji kilo 187.5 tu. Chumvi ikizidi, njia ya kuipunguza ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza mengine, jambo ambalo ni hasara mahali ambapo maji ni ya shida.

Chumvi humwagwa polepole pampu ikiwa inafanya kazi na mtambo wa klorini ukiwa umezimwa, kisha husubiriwa takriban siku moja hadi iyeyuke na kuenea. Bwawa jipya lililopigwa lipu ya saruji huachwa karibu mwezi mmoja kabla ya kutiwa chumvi, ili lipu ikomae.

## Utunzaji

Mtambo huondoa kazi ya kutia dawa kila siku, lakini hauondoi kazi ya kupima. Mambo yanayofuatiliwa ni haya:

* Klorini huru na pH: hupimwa mara kwa mara, na kila siku pale bwawa linapotumiwa na watu wengi.
* Kupanda kwa pH: viputo vya hidrojeni vinavyotoka kwenye seli hufukuza kaboni dioksidi iliyomo majini, na pH hupanda. Hushushwa kwa asidi ya hidrokloriki au asidi nyingine ya unga iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.
* Kinga ya jua: jua kali linaweza kuharibu zaidi ya nusu ya klorini isiyo na kinga ndani ya saa moja. Asidi ya sianuriki hutiwa kiasi cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita ili kuikinga. Ikizidi mno, hupunguza kasi ya klorini ya kuua vijidudu.
* Ukoko kwenye mabamba: maji magumu, yaani yenye kalsiamu nyingi, huacha ukoko mweupe kwenye bamba hasi. Mitambo mingi hubadilisha mwelekeo wa umeme kila baada ya saa kadhaa ili ukoko uanguke. Usipoanguka wote, seli huoshwa kwa asidi iliyozimuliwa.
* Uchakavu wa seli: mpako wa mabamba huisha taratibu. Seli nyingi hudumu miaka 3 hadi 7, na kuinunua upya ni gharama kubwa kuliko nyingine za mtambo huu.

## Mazingira ya pwani ya Tanzania

Vigwaza ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Chalinze katika Mkoa wa Pwani, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Morogoro, kati ya Mlandizi na Chalinze. Iko bara kidogo ukilinganisha na mji wa Bagamoyo. Bwawa likijengwa Vigwaza na lingine likijengwa ufukweni Bagamoyo, matatizo yake hayatakuwa sawa hata kama mitambo yake ni ya aina moja.

Maji. Ufukweni, swali la kwanza ni chumvi iliyomo kisimani. Bara, swali huwa ni ugumu wa maji ya kisima na tope la maji ya mto. Mto Ruvu ndio chanzo kikuu cha maji ya jiji la Dar es Salaam, kupitia mitambo ya Ruvu Juu iliyopo Mlandizi na Ruvu Chini iliyopo Bagamoyo. Maji ya mitambo hiyo husafishwa na kutiwa klorini kabla ya kusambazwa. Maji yaliyochotwa mtoni moja kwa moja hayafai kumiminwa bwawani kwa kutegemea kwamba mtambo wa chumvi utayasafisha, kwa sababu tope hula klorini na kuwaficha vijidudu.

Mvua. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, mvua huzimua maji ya bwawa. Mvua ya milimita 100 ikinyesha juu ya bwawa la mita za mraba 50 huongeza mita za ujazo 5 za maji. Bwawa likiwa limejaa, maji mengi kama hayo hufurika na kuondoka na chumvi isiyozidi kilo 17 au 18. Kwa hiyo chumvi hupimwa baada ya mvua kubwa, si kuongezwa kwa kukisia.

Umeme. Bila umeme hakuna klorini mpya. Umeme ukikatika mchana wa jua kali, klorini iliyobaki hupungua kwa saa chache. Bwawa linalotumiwa na wageni au wanafunzi linapaswa kuwa na akiba ya dawa ya klorini ya kawaida, na maji yapimwe kabla watu hawajaruhusiwa kuingia tena.

Chumvi ya mashambani. Chumvi ya mawe inayotoka moja kwa moja katika mashamba ya pwani ni ya bei nafuu, lakini isiposafishwa huwa na mchanga, tope, kalsiamu na magnesi. Hivi huchafua maji na kuongeza ukoko kwenye mabamba. Inayofaa ni chumvi safi iliyooshwa, ambayo karibu yote ni kloridi ya sodiamu. Chumvi ya mezani yenye madini joto huongezwa iodini kwa ajili ya afya ya walaji. Bwawani iodini haina faida, hivyo hupendekezwa ile isiyotiwa.

## Dhana potofu

"Bwawa la chumvi halina klorini." Lina klorini, na linapaswa kuwa nayo kwa kiwango kilekile cha bwawa la kawaida. Bwawa la chumvi ambalo kipimo chake cha klorini ni sifuri ni bwawa lisilo salama.

"Chumvi ndiyo inayoua vijidudu." Gramu 3 au 4 kwa lita haziwezi kuzuia bakteria wa magonjwa. Hata bahari yenye chumvi mara kumi zaidi ina bakteria wengi. Kimelea cha kipindupindu, *Vibrio cholerae*, huweza kuishi katika maji ya milango ya mito, ambako maji baridi hukutana na ya bahari. Chumvi ni malighafi tu. Mtambo ukizimwa, chumvi hubaki majini bila kumlinda yeyote.

"Maji ya chumvi humwelesha mtu, hivyo mtoto hawezi kuzama." Hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote. Chumvi ya bwawa huongeza uzito wa maji kwa takriban robo ya asilimia 1. Kwa mtu wa kilo 60, nguvu ya kumwinua huongezeka kwa kiasi cha uzito wa gramu 150, na kwa mtoto wa kilo 20 ni kama gramu 50. Baharini ongezeko hilo kwa mtu wa kilo 60 hufika karibu kilo moja na nusu, na bado watu huzama baharini. Bwawa la chumvi linahitaji uzio, mlango unaofungwa na mtu mzima wa kuangalia watoto, sawasawa na bwawa lolote.

"Harufu kali ya klorini inaonyesha maji yametiwa dawa nyingi." Mara nyingi ni kinyume chake. Harufu hiyo hutokana na kloramini, zinazotengenezwa klorini inapokutana na mkojo, jasho na mafuta ya mwili. Kloramini ndizo zinazowasha macho na koo, na kwa kawaida ni dalili kwamba klorini huru haitoshi au waogeleaji ni wengi mno. Bwawa la chumvi nalo hutoa harufu hiyo likiendeshwa vibaya. Kuoga kwa sabuni kabla ya kuingia, na watoto kupelekwa chooni mapema, hupunguza tatizo hili.

"Halihitaji kupimwa wala kutiwa dawa nyingine." Mtambo hutengeneza klorini tu. Hausahihishi pH, haupunguzi ugumu wa maji, wala haujui kama leo wameogelea watu 2 au 50.

"Chumvi ikiongezwa, klorini nayo huongezeka." Mtambo ukishapata chumvi ya kutosha, kiasi cha klorini huamuliwa na umeme na muda wa kazi. Kuongeza chumvi zaidi kunaweza kuufanya mtambo ujizime au kuchakaza metali za karibu. Anayetaka klorini zaidi huongeza saa za kazi au kiwango kilichowekwa kwenye sanduku la umeme.

"Ukiwa karibu na bahari, jaza maji ya bahari tu." Seli nyingi za majumbani zimeundwa kwa chumvi ya gramu 3 hadi 4 kwa lita, na hazifai kwa maji ya bahari. Aidha maji ya bahari yana ioni za bromidi, takriban miligramu 65 kwa lita, ambazo klorini huzigeuza kuwa bromi. Bromi nayo huua vijidudu, lakini asidi ya sianuriki haiikingi vizuri dhidi ya jua. Bwawa la maji ya bahari linahitaji vifaa na utaratibu wake.

## Usalama wa mtambo

Hidrojeni inayotoka kwenye seli ni gesi inayolipuka. Pampu ikifanya kazi, hubebwa na maji na kutoka bwawani kidogo kidogo bila madhara. Pampu ikisimama huku seli ikiendelea kupata umeme, gesi hujikusanya ndani ya bomba. Kwa hiyo mitambo huwa na kihisio kinachokata umeme maji yasipotembea. Kihisio hicho hakipaswi kuondolewa au kuunganishwa kwa waya wa njia ya mkato, na chumba cha pampu huachiwa matundu ya hewa.

Asidi ya kushusha pH haichanganywi kamwe na dawa ya klorini, wala havihifadhiwi pamoja, kwa sababu vikikutana hutoa gesi ya klorini yenye sumu. Asidi humiminwa ndani ya maji, si maji ndani ya asidi. Kazi ya umeme hufanywa na fundi mwenye ujuzi, kwa kuwa maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji baridi.

Ngazi, taa na komeo za chuma cha kawaida hushika kutu mapema kando ya bwawa hili. Mawe laini, yakiwemo ya matumbawe yanayotumika katika ujenzi wa pwani, huweza kumomonyoka maji ya chumvi yanapokauka juu yake mara kwa mara. Kuyasuuza kwa maji baridi husaidia.

## Kumwaga maji ya bwawa

Bwawa la mfano lililotajwa hapo juu lina zaidi ya kilo 260 za chumvi. Likimwagwa lote shambani, chumvi hiyo hubaki ardhini maji yakishakauka, kama inavyobaki katika mashamba ya Nunge. Maharage, michungwa na miembe huathirika upesi na chumvi, na mpunga pia hauivumilii sana. Mnazi huvumilia zaidi, ndiyo maana hustawi ufukweni. Ufukweni udongo umekwisha kuzoea chumvi; katika eneo la kilimo kama Vigwaza, maji ya bwawa moja yakielekezwa upande usiofaa yanaweza kudhuru bustani ya jirani au kisima kifupi anachotegemea.

Maji ya kuoshea chujio na ya kumwaga hayapaswi kuelekezwa mtoni, kwenye kisima, kwenye bwawa la samaki au shambani. Kabla ya kumwagwa, mtambo huzimwa na maji huachwa juani siku kadhaa hadi kipimo kionyeshe hakuna klorini, kwa kuwa klorini huua samaki hata ikiwa kidogo. Chumvi haiondoki kwa njia hiyo. Kuhusu hiyo ni lazima kufuata maelekezo ya mamlaka ya maji au halmashauri ya mahali husika.

## Faida na mapungufu

Faida kuu ni kwamba klorini hutengenezwa kidogo kidogo na kwa mfululizo, hivyo kiwango chake hakipandi na kushuka sana. Mwenye bwawa hana haja ya kusafirisha na kuhifadhi dawa kali kwa wingi. Waogeleaji wengi husema maji yenye chumvi kidogo ni laini zaidi kwa ngozi na macho, ingawa pH na kloramini zina mchango mkubwa kuliko chumvi yenyewe.

Mapungufu ni bei ya kununua mtambo, gharama ya seli mpya kila baada ya miaka kadhaa, kutegemea umeme, kutu, pH inayopanda na ugumu wa kumwaga maji yake bila kudhuru ardhi. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara na hakuna mtu aliyefundishwa kupima maji, bwawa la kawaida linalotiwa klorini kwa mkono na kupimwa kila siku linaweza kuwa salama zaidi kuliko bwawa la chumvi lililoachwa lijiendeshe.

Teknolojia hii haitumiki mabwawani pekee. Vifaa vidogo vinavyotumia chumvi, maji na umeme, ukiwemo wa jua, huzalisha klorini ya kutibu maji ya kunywa na kusafisha vyombo katika vituo vya afya vya nchi kadhaa za Afrika, ambako kusafirisha dawa ni vigumu. Shirika la Afya Duniani hupendekeza maji ya kunywa yaliyotiwa klorini yawe na angalau miligramu 0.5 za klorini huru kwa lita baada ya kukaa nayo dakika 30. Huko nako, kama bwawani, kipimo cha klorini ndicho kinachoonyesha kama maji ni salama, si ladha ya chumvi.